Siku ya Nne ya Bandeji

Uyole, Jumamosi mchana

Mwanangu Atupele,

Kuanzia Tunduma mpaka Makambako hakuna mtu mwenye mikono kama hii inayokuandikia. Ningezaliwa Ulaya, saa hizi ningekuwa nimeshang'oa kichwa cha mtu mmoja nikakipachika kwenye mabega ya mwingine, na wote wawili wangeniletea kuku wa shukrani. Wewe unakwenda kusoma miaka sita ili ujue vitu viwili vilivyokatwa vinashikanaje. Mimi navishikanisha kila siku kabla ya chai ya saa nne, na darasa la sita sikulimaliza. Kawaambie maprofesa wako. Wakibisha, waje hapa kwenye kituo chetu cha kilimo niwaonyeshe mti mmoja wenye mapichi upande huu na maplamsi upande ule.

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua: uko sokoni na mama yako mnatafuta sweta, na umeninunia kwa sababu jana nilisema huko unakokwenda sweta lazima iwe na mikono minne. Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kutolala na dirisha wazi, mama yako ameyasema tangu Pasaka na atayasema tena kesho basi likiwa linatembea. Mimi nina jambo moja tu. Ni la mkono wako wa kushoto. Lazima uondoke nalo, kwa sababu usipoondoka nalo utaenda kuuliza swali la uongo kwa miaka sita, na mwenye uongo huo ni mimi.

Haya, nimelitaja. Sasa niache nizunguke kidogo, maana hata ng'ombe hapelekwi josho kwa mstari ulionyooka.

Uliporudi kutoka Dar es Salaam kwenye usaili ulitusimulia hapa mezani. Wale wazee wanne walikuuliza kwa nini msichana wa Mbeya hataki udaktari wa kawaida, wa kuandika dawa na kujenga nyumba. Ukakunja nguo ukawaonyesha kiwiko kisichonyooka. Ukawaambia, "Nilipokuwa na miaka minne, mwili wangu ulikataa ngozi yangu mwenyewe. Nataka kujua kwa nini." Mmoja akavua miwani akaifuta. Ukapata nafasi. Mama yako akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama tumepata mtoto mwingine. Mimi nilitoka nje nikaenda kumkagua kuku ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Kisha wiki iliyopita ukaja na kile kitabu cha kuazima.

"Baba, sikiliza. Humu wanasema ngozi ya mtu mwingine mwili huikataa. Ya mtu mwenyewe hauikatai."

"Basi kitabu kimekosea," nikasema.

"Au mimi ndiye wa ajabu. Nikifika nitawaonyesha mkono. Labda chembe zangu zina kitu ambacho hawajakiona bado."

Ulikuwa na furaha kama mtu aliyeambiwa kuna hazina chini ya nyumba yao. Na mimi ndiye niliyefukia pale debe tupu.

Usidhani sipendi masomo yako. Nayapenda kuliko ninavyoonyesha, kwa sababu ndiyo masomo peke yake niliyowahi kuyaelewa mara ya kwanza. Ulinichorea kwenye unga pale jikoni. Ulisema ndani ya mifupa, na chini ya ngozi, kuna chembe changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Zinakaa, zinangoja. Mwili ukiumia zinaitwa, zinajigawa, moja inabaki kuwa mama na nyingine inakwenda kuwa damu au ngozi. Nikasema mimi ni chembe ya aina hiyo, nina miaka arobaini na mmoja na bado sijaamua. Mama yako akasema, "Wewe unaitwa na huendi." Ukasema pia kuna watu wameanza kuotesha ngozi ya mtu ndani ya sahani ya kioo, kipande kama ukucha kikawa kama leso. Angeniambia mtu mwingine ningesema nimepata mwongo mwenzangu. Wewe nilikuamini palepale, nikakaa nikiwaza watoto wa Iringa na masufuria yao ya uji, na leso hizo.

Sasa nirudi nyuma. Shule niliikimbia kwetu Tukuyu, Unyakyusani. Mwalimu wa hesabu hakuwa na la kunifundisha tena. Mwenyewe alisema hivyohivyo, ingawa kwa sauti nyingine. Nikapanda lori la mbao nikawa utingo miaka miwili, halafu lori likaniacha Iringa na homa, na hospitali ya misheni iliyonitibu ikaniajiri kufagia. Nilifagia vizuri. Wakanipandisha: kuchemsha vyombo, kukunja bandeji, kumshikia bakuli dresa, yule mfunga vidonda. Wakanipa koti jeupe lisilo na kifungo cha katikati. Siku ya kwanza nilipokwenda nalo sokoni, mama mmoja muuza maharage akasema, "Kamwene, daktari." Sikumsahihisha. Mwanangu, hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia, wala si pale nilipolala na homa. Kila mtu sokoni aliniita daktari isipokuwa msichana mmoja wa Kihehe kutoka Kilolo aliyeniuliza, "Daktari wa nini, wa mifagio?" Nikamwoa upesi kabla hajawaambia wengine.

Habari ya uji unaijua, sijakuficha. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Iringa inayopasua midomo. Mama yako amekwenda mashineni kusaga, mimi nimeachwa nikuangalie. Nilikuwa mlangoni namweleza jirani jinsi nilivyomsaidia daktari kupasua ngiri, na kweli nilisaidia, nilishika taa. Wewe ukavuta sufuria ya uji wa ulezi. Hilo kosa nimeshalibeba mbele ya mama yako, mbele ya wakwe na mbele ya mchungaji, na mama yako hunikumbusha kila ninapokaa mlangoni. Lakini uji si jambo ninalokuandikia.

Daktari wetu alikuwa Mzungu mrefu aliyejua Kihehe kuliko mimi. Mkono wako ulikuwa umeungua kutoka juu ya kiwiko hadi karibu na kifundo. Alikata ngozi ya paja lako, nyembamba kama ganda la kitunguu, ungeiweka juu ya gazeti ungesoma habari. Akaitandaza kwenye kidonda, akafunga bandeji, akafunga na kibao ili mkono usikunjike. Halafu akatuita mimi na Yustina, muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke mdogo wa umbo mwenye ulimi wa pilipili.

"Ngozi hii sasa haina mzizi," akasema. "Inakunywa maji ya kidonda tu. Mishipa midogo ya damu itapanda kutoka chini iingie ndani yake. Ikisogezwa, mishipa inakatika. Siku saba. Hakuna kufungua."

Aliposema hakuna kufungua aliniangalia mimi. Yustina hakuangaliwa.

Siku ya tatu wakwe wakashuka kutoka Kilolo. Huko juu habari ilikuwa imefika kwamba hospitalini wamemchuna mtoto. Kwa adabu ya kwao mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe wala hamtazami usoni, kwa hiyo bibi yako alipoingia kwa mlango, mimi nilitoka kwa dirisha nikaangukia kwenye maua ya misheni. Na kwa kuwa hazungumzi nami moja kwa moja, Yustina akawa simu.

"Yuko wapi yule?" bibi yako akauliza.

"Yuko nje hapo, mama."

"Mwambie nimesikia wamemtoa mtoto ngozi ya paja. Mwambie naiuliza iko wapi."

Nikajibu nikiwa nimechuchumaa: "Mwambie mama iko mkononi. Imehamia."

"Mwambie ngozi si Mnyakyusa, haihamihami."

Babu yako akaingilia. Alikuwa amesimama na mkuki wake wa kutembelea, wenye mpini mpya. "Fungueni tuone. Msipofungua, mtoto tunaondoka naye."

Yustina hakuinua sauti. "Mzee, ukishapanda mahindi, siku ya tatu unafukua uone kama yameota?"

"Sifukui."

"Basi na mimi sifukui." Kisha akamshika bibi yako mkono akauweka juu ya vidole vyako vilivyokuwa vimetokeza kwenye bandeji. "Shika, mama. Vingekuwa vya baridi ningekufungulia mwenyewe."

Bibi yako akashika muda mrefu. Mimi huko nje mguu umekufa ganzi. Mwishowe akasema, "Ana joto." Wakaacha ndizi, wakarudi zao kabla ya jua kuinama. Yustina akachungulia dirishani: "Ambwene, toka kwenye maua ya watu."

Kwa hiyo usije ukasikia siku moja kwamba wakwe ndio waliotulazimisha. Hata mimi nilijaribu kujiambia hivyo, miaka kadhaa. Walikuwa wameshaondoka.

Siku ya nne naiacha kwanza.

Siku ya saba daktari alifungua. Ngozi ilikuwa nyeusi, imelegea, na harufu ulikuwa huhitaji cheti kuielewa. Daktari akauliza, "Nani kafungua?" Yustina akageuza uso akaniangalia, na nadhani alijua. Hakusema, labda alinipa nafasi niseme mwenyewe. Nafasi ile niliitumia kusema, "Labda mwili umekataa, daktari."

"Mwili haukatai ngozi yake, Ambwene," akasema polepole, kama anayemweleza mtoto.

Unaona sasa? Kile kitabu chako cha kuazima nilikuwa nimekisikia kwa masikio yangu kabla hujajua kusoma.

Wodi ilikuwa ya Yustina, kwa hiyo lawama ilikuwa ya Yustina. Hawakumfukuza. Walimtoa kwenye watoto wakampeleka kufua mashuka, na mwanamke yule hakuumbwa kufua mashuka kwa kosa la mtu. Mwezi haukuisha akarudi kwao Ilula. Mimi nilimwambia mama yako mwili umekataa. Mama yako akakuambia wewe. Wewe ukawaambia wazee wanne Dar es Salaam, mmoja akavua miwani. Uongo wangu umesoma kunizidi. Sasa unataka kupanda ndege.

Kidonda kilijifunga chenyewe kwa miezi mitano, taratibu kutoka pembeni, na kovu likavuta kiwiko. Nilikuona shuleni ukiacha netiboli. Niliona unavyochagua gauni kwa kuangalia mikono kwanza. Kila mara nilichekesha watu ili wasiangalie huko, na wewe ukadhani baba yako ni mcheshi.

Mwaka uliofuata nilivua koti nikarudi Mbeya, na hapa kituoni wakanipa kisu cha kubebeshea miti. Sijawahi kufundishwa kitu nikakielewa haraka hivyo. Unakata shina la mti mgumu, unachonga kikonyo cha mti mtamu. Chini ya gome pana utando wa kijani, unateleza kama mate. Kijani kiguse kijani. Unafunga utepe wa plastiki, na hapo kazi yako imekwisha, iliyobaki si yako. Wiki sita. Wanafunzi wanaokuja hapa wote ni wepesi wa mikono, na wote wana tatizo moja: wiki ya pili utamkuta mtu amechuchumaa anafungua utepe aone. Mwaka juzi nilimkemea mmoja mpaka bwana shamba akatoka ofisini.

"Ambwene, ni mti tu."

"Ndiyo mzee, ni mti," nikasema, nikaificha mikono mfukoni.

Miti yangu inashika kuliko ya mtu yeyote hapa. Hilo si jigambo, au ni jigambo la kweli. Inashika kwa sababu nikishafunga naondoka, naenda mbali kabisa, nakwenda hata kupiga soga kwenye malori barabarani, ili nisijue inaendeleaje.

Kesho basi litasimama Ilula. Litasimama tu, hakuna dereva anayepita Ilula bila nyanya, na wauzaji watakuja mpaka dirishani na ndoo. Yustina ana meza upande wa kushoto ukishaipita Iringa, karibu na mti uliokatwa nusu. Amezeeka kidogo, ulimi ni uleule. Nimepita pale na lori la kituo mara nyingi. Mara zote nimenunua nyanya meza ya jirani yake, na mara zote ananitazama nikinunua. Juzi tu ndipo niliposhuka nikaenda kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, unanijua. Nikasema, "Dada Yustina, binti yangu anakwenda kusomea ngozi." Akauliza, "Umemwambia?" Nikasema bado. Akafunga nyanya nilizonunua, akasema, "Basi hujaja bado. Utakuja siku ukishamwambia."

Sikuagizi ushuke. Nakuambia alipo.

Barua hii nitakupa mkononi kwenye kituo cha mabasi. Nitasema uifungue mkishapita Makambako, na kwa kuwa wewe ni damu yangu najua utaifungua kabla ya Igawa. Sawa. Ukisoma, huenda utaona swali lako limekufa, kwamba uliwaonyesha wazee wale mkono wa bure. Nimelifikiria hilo siku nyingi, nikiwa na kisu mkononi, mahali ambapo akili yangu hufanya kazi. Kwa maoni yangu yasiyo na cheti, swali ulilokuwa nalo lilikuwa dogo. Uliuliza kwa nini mwili mmoja wa ajabu ulikataa. Sasa unaweza kuuliza la watu wote: ule unaokubali unakubalije? Kile kiganda cha kitunguu, kimelazwa juu ya nyama mbichi, mtu wa chini anamjuaje wa juu mpaka anampelekea damu? Mimi nimelala na swali hilo miaka kumi na mitano na sina shule ya kulijibu. Wewe unayo. Nenda nalo, litakufaa kuliko lile.

Na siku moja kitu kitashika mikononi mwako. Nina hakika na hilo kama ninavyojua mvua ya Mbeya. Utainama juu ya sahani yako ya kioo, utaona kimeota, na utapatwa na hamu ya kumwita mtu. Hamu ile ni tamu sana, Atu. Ni tamu kuliko pombe, na mimi nimeonja zote mbili. Sikwambii usiwe nayo. Nakuambia tu ilinifanya nini, maana mvua iliyowazuia sokoni imekatika, nawasikia nyie mnakuja barabarani na mama yako anacheka, na karatasi imebaki nusu.

Siku ya nne wenzangu wawili wa lori walipita Iringa. Walikuwa wamesikia kwamba siku hizi mimi ni daktari. Ilikuwa saa ya chakula, Yustina amekwenda kula, wodi imetulia, umelala. Nikawaingiza. Nikawaambia, "Njooni muone kazi yangu." Nilisema hivyo, kazi yangu. Nikafungua kibao, nikazungusha bandeji taratibu, kwa mikono hii ninayojivunia, mpaka chachi ya mwisho.

Ilikuwa ya waridi, mwanangu. Ilikuwa imelala mkononi mwako kama iliyozaliwa pale, na nilipoigusa kwa kidole ikawa nyeupe, nilipotoa kidole wekundu ukarudi. Damu ilikuwa imeshapanda. Mmoja akasema, "Hiyo umeibandika tu kwa gundi, vuta tuone."

Nikavuta.

Mwili wako haukukataa kitu chochote. Ulikuwa umeshakubali. Ni mimi.